Moto wa Matambara ya Linsidi

Zaina, mwanangu,

Wewe na mama yako mmepanda Kinole kumuaga bibi, nami nimebaki karakanani kwa kisingizio cha kumalizia kabati la watu. Kabati lilikwisha tangu saa saba. Nilitaka nafasi ya kukuandikia kabla hamjarudi, kwa sababu ukiwepo nitakuangalia, na nikikuangalia nitaanza kukwambia habari za neti na maji ya kuchemsha. Hayo mama yako amekwisha kukwambia, atakwambia tena kesho pale Msamvu, na basi likishaondoka atakupigia simu akwambie upya. Mimi niache nikwambie jambo jingine.

Tangu ulipojua kuuliza umekuwa ukiniuliza kwa nini baba mkubwa Damasi anakaa Dakawa peke yake na karakana yake, wakati kila mtu anasema zamani tulifanya kazi pamoja. Kila Idi anakuja kwetu, kila Krismasi tunakwenda kwake, mnakula sahani moja na watoto wake, halafu jioni kila mmoja anarudi kwake. Nimewahi kukujibu kwamba alipenda kulima mpunga. Nimewahi kukujibu kwamba hapa Kihonda palijaa mafundi. Hukuridhika, nami nilikuona huridhiki. Sasa wamekupangia shule kule Newala, unakwenda kufundisha watoto wa watu, na nadhani imefika wakati ujue. Ila siwezi kukueleza habari ya Damasi bila kuanza na mafuta.

Mafuta ya linsidi umeyanusa kabla hujanusa karafuu ya pilau. Ukiwa mdogo ulisema baba ananuka kama karanga zilizosahaulika kabatini, na mpaka leo sijapata maelezo mazuri kuliko hayo. Umeniona nikipaka mipini ya majembe isipasuke jua likiwaka. Umeniona nikifuta misumeno isishike kutu wakati wa masika, na nikilainisha ngozi ya kandambili za mzee wa jirani zilipokauka kama gome. Na puti ya vioo tulikuwa tukiikanda wote wawili: chaki iliyosagwa, mafuta kidogo kidogo, unakanda kama unga wa chapati mpaka isishike tena mikononi. Madirisha ya chumba cha mbele ukiyakagua vizuri utakuta alama za vidole vyako kwenye ile puti, maana nilikuruhusu ubonyeze. Zimekuwa ngumu kama jiwe.

Hapo ndipo udadisi wangu ulipoanzia. Bibi yako kule Kinole anayo mafuta ya nyonyo, anapaka kila kitu: mkanda wa ngozi, mpini wa panga, hata bawaba za mlango. Nyonyo inabaki mafuta. Rudi baada ya mwaka, gusa, kidole kitateleza. Alizeti nayo hivyo hivyo, inanata kidogo halafu inaanza kunuka. Linsidi haifanyi hivyo. Unaipaka ikiwa maji, inageuka ngozi. Niliwahi kumuuliza muuza rangi mjini kwa nini, akanijibu kwamba ni kwa sababu ndivyo yalivyo. Mimi jibu la namna hiyo linanikosesha usingizi.

Hata mmea wenyewe nilikuwa siujui. Nilijua tu kwamba ni mbegu za kitani, kile kile cha nguo, na kwamba kopo linatoka mbali. Mwaka juzi nikaona mbegu hizo zinauzwa kwenye duka la vyakula vya wagonjwa wa sukari. Nilinunua kiasi, nikampelekea rafiki yangu anayelima kabichi kule Nyandira, kwenye baridi, nikamwomba anipe kijituta kimoja. Alidhani nimechanganyikiwa. Zikaota. Nilipanda kwenda kuziona asubuhi moja yenye ukungu, nikakuta maua ya bluu, madogo, membamba kama karatasi ya sigara. Tukaingia ndani kunywa chai. Tulipotoka mchana maua yote yalikuwa yameanguka chini. Nikafikiri mbuzi wamepita. Rafiki yangu akacheka, akasema ndivyo yanavyofanya kila siku, yanachanua asubuhi, mchana yanaanguka, kesho yake yanatoka mengine. Nilirudi Kihonda nimefurahi siku nzima, na mama yako aliponiuliza nimepata nini huko sikuweza kumwonyesha kitu.

Sasa Damasi.

Alikuja Morogoro kutoka Kigoma, kijana kama mimi, akitafuta kazi kiwandani. Kazi haikupatikana. Siku hiyo nilikuwa ninapiga randa ubao wa mninga uliokuwa unanishinda, nyuzi zinachanika kila nikisukuma. Alipita karakanani kwangu, akasimama akaangalia, kisha akaniambia, "Kaka, geuza ubao. Unausukuma kinyume." Nikaugeuza. Ukalainika. Nikamwambia aweke begi lake ndani. Ndivyo tulivyoanza.

Tulifanya kazi miaka mingi. Yeye alikuwa na subira kwenye viungo, mimi nilikuwa na hamu ya kumalizia, kupaka, kuona mbao zinawaka rangi. Hamu hiyo ndiyo iliyotuponza kwenye kitanda cha bibi harusi.

Kilikuwa kitanda cha mninga, kizuri kuliko vyote tulivyowahi kutengeneza. Nilitaka king'ae. Nikachukua linsidi ile mbichi, ya kopo la zamani, nikamimina kama mtu anayemwagilia mchicha. Damasi akaniambia, "Rama, paka kidogo, futa, acha ikauke, ndipo upake tena." Nikamwambia harusi haingoji. Kitanda kikaenda kikiwa bado kina ubichi, ingawa kwa macho kilikuwa kikavu.

Harusi ilipita. Asubuhi yake akaja shangazi wa bibi harusi, mwanamke mkubwa wa umbo na wa maneno, ameshika shuka jeupe amelikunja kwapani. Tukamwamkia. Akaitikia marahaba, akalikunjua lile shuka mbele yetu. Lilikuwa na mchoro wa mbao, mistari yote ya mninga imejichapa, ukitaka kuhesabu pete za mti unahesabu.

"Fundi," akaniambia, "hiki kitanda kinalamba watu. Bwana harusi ameamka na shuka limegandia kwenye ubao wa kichwani, anavuta huku, mke wake anavuta kule. Mimi nimewaita mafundi au waganga?"

Damasi aliingia ndani ya karakana. Nilimsikia anakohoa, na najua alikuwa anacheka. Tulikwenda kukichukua, tukakisugua kwa mafuta ya taa na matambara mpaka mikono ikatuwaka, tukakipaka upya kama yeye alivyosema tangu mwanzo. Kitanda hicho bado kipo, shangazi alifariki amekisifia.

Baada ya hapo niliapa sitapaka tena linsidi mbichi kwenye kazi ya haraka. Muuza rangi akanionyesha kopo jipya, linsidi iliyochemshwa na kutiwa dawa ya kukausha. Tulipoijaribu, kesho yake ubao ulikuwa mkavu kabisa. Mimi na Damasi tulishangilia kama watu walioona mvua. Tukawa tunapaka kila kitu kwa hiyo. Na matambara ya kufutia tukawa tunayatupa kwenye kiroba kilichokuwa pembeni, juu ya rundo la maranda ya mbao, kama tulivyofanya siku zote.

Wewe wakati huo ulikuwa bado unabebwa mgongoni.

Ilikuwa Ijumaa. Asubuhi mimi na Damasi tulikorofishana, tena kwa sauti. Kisa ni mlango wa mteja. Yeye alitaka tuuvunje tuuanze upya kwa sababu umepinda kidogo, mimi nilitaka tuupeleke hivyo hivyo. Mama ntilie wa upande wa pili alisikia, fundi wa pikipiki alisikia, kila mtu alisikia Damasi akisema, "Siku moja utakuja kukuta hapa hapana kitu." Alimaanisha wateja watatukimbia. Hivyo ndivyo nilivyoelewa mimi wakati anasema.

Nikaenda msikitini. Yeye akabaki kumalizia kufuta meza kubwa tuliyokuwa tumeipaka, kisha akafunga mlango akaenda kula. Imamu hajamaliza hotuba, nikaona watu wa nyuma wanainuka na kutoka. Nilipotoka nikaona moshi, nikajua ni wa wapi kabla sijafika kona.

Majirani walikuwa wamekwisha kuvunja mlango, wanamwaga mchanga na maji. Hakuna aliyeumia, Alhamdulillahi. Lakini upande mmoja wa paa uliondoka, mbao za mkongo tulizokuwa tunazikausha ziliondoka, na ile meza ikabaki miguu. Moto ulikuwa umeanzia pembeni, mahali ambapo hapana waya wa umeme, hapana jiko, hapana kitu.

Basi ndipo mtu mmoja akauliza, "Aliyetoka mwisho ni nani?"

Nakumbuka Damasi akija kutoka kule kwenye chakula, anatembea kwanza, halafu anakimbia. Alikuwa bado na kijiti cha meno mdomoni. Hakufika hata kwenye mlango. Walimkamata shati. Mmoja alikuwa na kipande cha ubao mkononi, kingali na moshi. Mama ntilie, mwanamke mwema ambaye amenilisha miaka, alisema kwa sauti kwamba asubuhi amesikia kwa masikio yake Damasi akiahidi kuiteketeza karakana. Hakusema uongo. Aliamini ndicho alichosikia.

Mwenyekiti wa mtaa alifika, akamwondoa Damasi mikononi mwao, akamwingiza ofisini kwake, akafunga mlango kwa ndani. Kwa hilo namwombea dua mpaka leo. Watu wakabaki nje wamejaa hadi kwenye ukuta. Mimi nikaitwa ndani. Mwenyekiti alikuwa ameketi, Damasi amesimama, shati limechanika begani.

"Fundi Ramadhani," akaniambia mwenyekiti, "wewe ndiye unayemjua huyu. Anaweza kufanya jambo hili?"

Nikasema, "Sijui, mwenyekiti."

Zaina, lilikuwa neno la kweli. Nilikuwa sijui moto umetoka wapi. Kichwani mwangu nilikuwa najibu swali la moto. Lakini mwenyekiti hakuniuliza habari ya moto, aliniuliza habari ya Damasi. Na Damasi alinitazama. Hakuonyesha hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma kibao cha barabara akagundua kwamba amepanda gari lisilo lake.

Hapakuwa na ushahidi wowote, basi jioni wakamwachia, kwa sharti ambalo hakuna aliyelitamka lakini kila mtu alilijua: ahame mtaa. Kesho yake alfajiri akachukua msumeno na randa, akaenda Dakawa kwa shemeji yake anayelima mpunga.

Jumamosi hiyo mama yako alikuja na mimi kuchambua majivu, wewe mgongoni. Akaniuliza kama unavyoulizaga wewe, bila kuniangalia, "Baba Zaina, moto ulianzia wapi?"

"Pale."

"Pale palikuwa na nini?"

"Maranda. Na kiroba cha matambara."

Akachokonoa majivu kwa kijiti. Kisha akasema kwamba wiki iliyopita alibeba kiroba cha matambara kwenda kuyafua, na njiani akahisi kiunoni joto. "Nilidhani ni jua," akasema. "Lakini lilikuwa joto la ndani. Kama ukimbeba mtoto mwenye homa."

"Sasa unadhani ni nini?" nikamwuliza.

"Sijui," akasema. "Tuna mafuta mengine?"

Hili ndilo ninalotaka ulione, nami imenichukua muda mrefu kuliona. Mimi nilisema sijui, mama yako akasema sijui. Mimi nilipolisema nilikaa chini. Yeye alipolisema alikwenda kutafuta ndoo.

Kopo moja jipya lilikuwa limebaki nyumbani, na lile la zamani lenye linsidi mbichi. Tukachana kanga iliyochakaa. Mara ya kwanza tulilowesha matambara tukayaanika kwenye kamba, tukakaa uani kuyaangalia. Hapakutokea kitu ila yalikauka yakawa magumu kama dagaa. Majirani walikuwa wanachungulia ukutani. Nilisikia mtu akisema kwamba fundi amepata wazimu kwa hasara, sasa anaangalia nguo zikikauka.

Mara ya pili mama yako alisema tuyakunje. Tukayakunja, tukayasokota ndani ya beseni, lakini kwa kubana matumizi nilitumia yale mafuta mabichi. Jioni tukatia mkono. Baridi. Mimi nikataka tuache. Niliona aibu, na nilikuwa nimechoka na kuchungulia kwao.

Mama yako akasema, "Siku ya moto mlitumia yapi?"

"Yaliyochemshwa."

"Basi tumetupa siku."

Jumapili akafanya kila kitu kama kilivyokuwa. Mafuta yaliyochemshwa, matambara yamefinyangwafinyangwa bila kubanwa sana, yakatiwa ndani ya kiroba, kiroba kikawekwa juu ya maranda, katikati ya ua, mbali na nyumba. Pembeni akaweka ndoo mbili za maji. Jua lilikuwa kali. Wewe ulikuwa umelala mgongoni mwake, na kila mara alikuwa akiinama kutia mkono ndani ya kiroba huku amekushika kwa mkono wa pili.

Akatia mkono, akasema bado. Akatia tena, akasema, "Vuguvugu." Nikatia wa kwangu. Nilihisi kitu ambacho mpaka leo kinanisisimua nikikikumbuka. Nguo zilizolala kivulini mwa kiroba, hazijaguswa na moto wala kaa, zilikuwa na joto lao zenyewe, kama mayai ambayo kuku ameyaacha sasa hivi.

Baadaye ikaja harufu, kali, kama maandazi yaliyoachwa kwenye mafuta. Mama yako akanipa wewe, akanisogeza nyuma. Moshi mwembamba ukatoka kwenye mdomo wa kiroba. Akachukua mti mrefu akakifungua, na hewa ilipoingia tu, ndimi za moto zikatoka. Tulibaki tunaangalia. Kwa muda nilisahau karakana, nilisahau hasara, nilisahau kila kitu ila huo moto uliojizaa wenyewe. Kisha mama yako akamwaga maji akasema, "Mwite mwenyekiti."

Tukafanya tena mbele ya mwenyekiti na wote waliotaka kuja, na walikuja wengi. Mama ntilie alikaa mbele kabisa, amejishika shavu. Mzee mmoja alisema wazi kwamba hapa pana mkono wa mtu. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kutia mkono wake ndani ya kiroba na kuutoa haraka. Akamwuliza, "Mkono wa mtu uko wapi, mzee wangu? Wote tumekaa hapa tunaangalia." Mzee akasogea karibu kutazama. Moshi ulipotoka, mama ntilie alianza kulia taratibu, akajifunika kwa kanga.

Kesho yake nikaenda Dakawa.

Nilimkuta Damasi nyuma ya nyumba ya shemeji yake, anarekebisha fremu ya mlango. Nilimsalimia, akaitikia. Hakuacha kazi. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: kanga, kamba, beseni, kiroba, mwenyekiti. Alipiga msumari mmoja mpaka ukazama, ndipo akaweka nyundo chini.

"Rama," akasema, "ulijua kwamba mimi sivuti hata sigara."

"Nilijua."

"Ulijua kwamba ile meza niliipiga msasa kwa mikono yangu siku nzima."

"Nilijua."

"Basi ni nini ulichokuwa hukijui?"

Jibu lake nimelitafuta miaka yote hii, na bado sina. Nilisimama pale, vifaranga wanapita katikati ya miguu yetu. Nilitaka aseme zaidi, anitukane, ingekuwa rahisi. Badala yake akajifuta jasho, akakaa kwenye kigogo. Nikakaa kando yake, shemeji yake akatuletea maji ya kunywa.

Kisha, Zaina, yule yule Damasi akaniuliza, "Yalikuwa mafuta yapi? Mabichi au yale ya kopo jipya?"

"Ya kopo jipya."

"Na mabichi hayakufanya kitu?"

"Baridi kabisa."

Nikaona uso wake unabadilika. Hakuwa amenisamehe, usinielewe vibaya. Lakini alikuwa fundi, na mbele yake palikuwa na jambo. "Kwa hiyo kukauka kwenyewe kunatoa joto," akasema polepole, kama anajisemea. "Yakikauka haraka, joto linatoka haraka. Kwenye kamba upepo unalichukua. Kwenye kiroba linakwenda wapi?" Aliinuka. "Nataka kuona."

Alikuja Kihonda siku ya pili yake. Alipita katikati ya mtaa mchana, watu wakimwona, nami pembeni yake. Wengine walimsalimia mno, wengine waliingia ndani. Mama yako alimwandalia kiroba kama mgeni anavyoandaliwa chai. Tulikaa watatu uani. Damasi hakuamini mkono mmoja, alitia wa kulia na wa kushoto, akauliza maswali ambayo mimi na mama yako hatukuyafikiria: je, matambara mawili tu yangetosha, je, kwenye kopo lenye kifuniko ingekuwaje. Hilo la kifuniko tulilijaribu. Moto haukuwaka. Bila hewa, matambara yalikaa kimya. Mchana ule tulicheka kwa mara ya kwanza, na mama yako alicheka kuliko sisi.

Nilidhani yamekwisha. Jioni nikamwambia, "Paa tutaliezeka wiki ijayo, nimepata mabati." Akaniangalia kwa upole.

"Liezeke," akasema. "Mimi nitabaki Dakawa."

"Watu wote wamejua ukweli, Damasi."

"Watu sina shida nao. Walikuwa hawanijui."

Akafunga mkoba wake, akamshukuru mama yako kwa chakula, akakugusa kichwa, akaondoka. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna ugomvi mwingine uliofuata. Baada ya miezi kadhaa alituma viti, nivipake. Nikavipaka, nikavirudisha na magunia mawili matupu aliyokuwa ameyaomba. Idi ikafika, akaja na mke na watoto. Tangu hapo unajua mwenyewe.

Ndiyo maana kwenye karakana yangu pana pipa la maji lenye kifuniko, na kila tambara linaingia humo kabla sijanawa mikono, na umewahi kunikuta nimerudi kutoka nyumbani kwa ajili ya tambara moja nililolisahau. Ulidhani ni uzee.

Sikuandikii haya ili uogope matambara. Huko Newala utakuwa mwalimu. Itafika siku kitu kitapotea darasani, au kuharibika, na watoto wote watamgeukia mmoja, na watakuwa na sababu nzuri kabisa kama ile ya mama ntilie. Watakutazama wewe. Sina maneno ya kukupa siku hiyo, kwa sababu siku yangu ilipofika nami nilikuwa na neno moja tu na halikuwa la uongo. Nimejifunza tu kwamba mtu unayemjua ana haki ya kile unachokijua juu yake. Kiseme kwanza, ndipo uende ukatafute usichokijua. Nakutakia hamu ya mama yako ya kutia mkono ndani. Yangu ilikuwepo, lakini ilikuja baada ya yake.

Na ukipata huko mtu aliyesoma kemia, mwulize kwa nini linsidi inakauka na nyonyo haikauki. Uniandikie jibu zima, hata kama ni refu, hata kama unadhani sitalielewa.

Kesho asubuhi baba mkubwa atakuwepo Msamvu. Amenipigia simu leo, amesema anakuja kukubebea godoro, nisimzuie. Mwamkie kama unavyomwamkia siku zote. Usione haya kwa sababu umesoma barua hii. Basi likichelewa, na litachelewa, mnunulie chai, kaa naye kwenye benchi, mwulize ilikuwaje kwake, pale ofisini kwa mwenyekiti, na kule Dakawa siku ile ya kwanza. Mimi sijawahi kuthubutu kumwuliza. Mimi nimekuandikia nilichokiona nikiwa nimesimama upande wangu. Wa kwake anao mwenyewe, na nadhani wewe atakwambia.

Baba yako,
Ramadhani